Visanduku Katika Sauti ya Pili

Mteja akija dukani kwangu akasema kisomeo chake kina tatizo dogo tu, huwa namvutia kiti na kumpa chai, maana najua hapo pana kazi ya wiki nzima. Lutengano, mwalimu wetu wa kwaya, hakusema tatizo dogo. Aliingia, akanisalimia, akaweka mezani kitu kilichofungwa kwenye kitenge, akasema, "Dada Tupo, hiki kimekufa. Nataka ukifufue."

"Mimi ni fundi tu, Mwalimu. Habari za kufufua ziko kanisani."

Hakucheka. Hapo nikajua jambo ni zito, kwa sababu Lutengano ni mtu wa kucheka hata mazoezini, kwaya nzima ikiwa imepotea na besi wanaimba ubeti wao wenyewe.

Alifungua kitenge. Ndani mlikuwa na kisomeo cha zamani, cha vile vilivyokuja na chombo cha kwanza, kioo kimepasuka na vumbi jekundu limejaa kwenye nyufa. Sikuuliza ni cha nani. Hapa Ngosi kila mtu anajua habari ya Atuganile, mama yake Lutengano, aliyekuja Mirihi na mtoto wa miaka minne. Mumewe, Ambilikile, alizuiwa na madaktari kule Duniani kwa sababu ya ugonjwa wa moyo, akaahidi kufuata na chombo cha pili. Moyo haukumsubiri. Atuganile naye hakuumaliza mwaka wa kwanza chini ya kuba letu, kifua kilimshinda. Lutengano alilelewa na mji mzima, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na mama yangu alikuwa mmoja wa waliompikia.

"Ni ule wimbo?" nikamuuliza.

"Ni ule."

Kila mtoto anayezaliwa Ngosi anakaa zahanati mpaka mapafu yake yaizoee hewa yetu. Siku akiruhusiwa kutoka, anapelekwa kwenye bustani ya migomba katikati ya mji, anapitishwa mkono kwa mkono watu wote wamshike, na kwaya inaimba "Karibu Mgeni". Niliimbiwa mimi, wakaimbiwa wanangu. Ambilikile aliutunga kule milima ya Rungwe, kwenye ushirika mdogo wa kanisa alikokuwa akiongoza kwaya, kwa ajili ya siku Lutengano mwenyewe alipopelekwa kanisani kwa mara ya kwanza. Mkewe akauleta huku ndani ya kisomeo hiki, na kutoka hapo ukanakiliwa mji mzima.

"Hazina ya Nyimbo kule Duniani wameomba wimbo mmoja kutoka kila mji wa huku," Lutengano akasema. "Wanataka faili lenye herufi zake ndani. Na likishapokelewa, halibadilishwi tena na mtu yeyote. Wimbo utasimama hivyo hivyo hadi mwisho wa dunia."

"Na wa Mirihi."

"Na wa Mirihi. Sasa nisikilize. Nataka wapate wimbo wa baba. Siyo unaofanana na wa baba." Akanitazama. "Pale, unapajua."

Nani hapajui? Kwaya wenyewe wanapaita hivyo, "pale". Sauti zote zinanyamaza, halafu sauti ya pili, wanawake wa sauti nzito, wanashuka peke yao bila maneno, taratibu, mpaka chini kabisa. Nimeona wahandisi wa pampu, watu wenye roho ngumu, wakifuta macho pale.

"Sina picha ya baba inayozungumza," Lutengano akasema. "Sina hata barua. Nikitaka kumsikia, nasubiri mtoto azaliwe, kwaya ifike pale. Kwa hiyo pale pasikosewe hata nukta, dada yangu."

Nikamwahidi. Alipotoka nilijiona mtu mwenye bahati, nimepata kazi ya maana badala ya kubandua vioo vilivyomwagikiwa uji.

*

Vijana wa hapa hawajawahi kuona kisanduku. Nikiwaeleza, wanadhani natia chumvi.

Faili la pidiefu linaweza kusafiri kwa namna mbili. Linaweza kubeba maumbo ya herufi zake lenyewe, seti nzima, ambayo mafundi tunaiita fonti. Au linaweza kuacha fonti nyumbani na kubeba namba tu: hapa weka umbo la arobaini, hapa la sitini na mbili. Ni kama mgeni anayekuja mikono mitupu akitumaini atakuta nguo za saizi yake kwenye kabati lako. Herufi za kawaida zinapatikana kila kabati. Lakini zile za pekee, kama alama za juu na chini za noti za solfa, mwenyeji akikosa umbo anaweka kisanduku kitupu, wewe msomaji unabaki unakodoa macho.

Ndipo ukaja Mjazo. Mjazo ni programu iliyomo ndani ya kila kisomeo cha Ngosi; unaangalia kisanduku kimekaa na majirani gani, unapekua mafaili mengine, unategea sikio hata sauti za watu wanaosoma karibu, kisha unajaza. Kwa wino uleule, na umbo lilelile. Miongozo ya pampu ilisomeka, vitabu vya dawa vikapona, watu wakashukuru na kusahau. Siku hizi mtu akifungua ukurasa hajui kipi kiliandikwa na kipi kilijazwa, na hana haja ya kujua. Mimi ndiyo kazi yangu kujua, na sijawahi kuupenda Mjazo. Unajibu haraka mno.

Nilichukua nakala ya kwaya, nikauzima Mjazo. Ukurasa ukajaa visanduku, kama kuku wamedonoa kila mahali. Sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu, besi, zote zina mapengo. Sikushtuka. Nikahamia kwenye kisomeo cha Atuganile, nikatoa vumbi kwa brashi ya manyoya, nikapasha moto bodi taratibu, nikaing'oa kumbukumbu yake na kuipachika kwenye mashine yangu.

Ilikuwa nzima. Na ndani yake mlikuwa na fonti ambayo sijaiona popote, imepewa jina la mtu: Ambilikile. Alikuwa ameichora mwenyewe, umbo moja moja, kwa mkono usiotulia sana. Alipomaliza aliipachika kwenye kisomeo cha mkewe, akaona inasomeka vizuri, akaridhika. Hakujua kwamba faili likitoka humo litatoka uchi. Kosa hilo nimelirekebisha kwa watu wengi sana, lakini safari hii nilimwonea huruma mwenye kosa.

Nikaipachika fonti. Jamani, hiyo ndiyo raha ya kazi yangu! Visanduku vilifunguka kimoja baada ya kingine, alama zikakaa mahali pake, na karibu zote zilikuwa zilezile alizokisia Mjazo. Palikuwa na nyongeza moja iliyonichekesha. Kando ya noti, Ambilikile alikuwa amechora watu wadogo sana, wanene, hawana shingo: huyu anapiga makofi, huyu anahama mguu wa kulia, huyu anainama. Alikuwa anawafundisha waimbaji wake namna ya kucheza. Mjazo haukujua watu hao ni nini, ukawafuta na kuweka vistari.

Nikafika pale.

Hapakuwa na noti. Kwenye sauti ya pili, mahali pote ambapo wanawake wetu wanashuka na kutuliza watu wazima, Ambilikile alikuwa ameweka umbo moja tu: mtu mnene asiye na shingo, mikono juu, ameshika kitu cha mviringo. Basi. Hakuna noti ya juu wala ya chini. Nilirudia mara nyingi, nikaangalia namba za faili lenyewe, nikaangalia kama kuna ukurasa uliopotea. Hakuna kilichopotea. Kule kushuka hakukuandikwa na Ambilikile.

Nikajishika kichwa. Basi ni Mjazo? Nao siuamini. Mjazo ukiachiwa sauti ya pili unafuata ya kwanza kwa chini kidogo, kama mtoto aliyeshika nguo ya mama yake. Haujui kushuka namna ile. Hiyo ilikuwa sauti ya mtu, Mjazo uliisikia mahali.

*

Kati ya watu walioimba kwenye kwaya ya kwanza ya Ngosi, aliyebaki hai ni Bibi Ikupa. Nilimkuta kwenye bustani ya migomba, anapunguza machipukizi kwa kisu kifupi. Amepita miaka themanini na bado hakubali mtu mwingine aguse migomba yake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Tupo. Kama umekuja kuomba ndizi, hazijakomaa."

"Nimekuja kuuliza habari za wimbo. Pale."

Kisu kilisimama. Hakujifanya hajui. Alikaa kwenye ukingo wa tuta, akaniita nikae naye, akanitazama kama mtu anayepima kama mzigo utabebeka.

"Umekifungua kisomeo cha Atuganile," akasema.

"Nimekifungua. Pale ni patupu."

"Mimi nilipakuta na kisanduku kimoja kikubwa," Bibi Ikupa akasema. "Tulikuwa watu tisa, tunataka kuanza kwaya. Kiongozi wetu akasema, hapo sauti ya pili shikilieni tu noti ya mwisho. Lakini Tupo, ile wiki nilikuwa nimetoka kumzika rafiki yangu. Nilikuwa nimemwosha mimi mwenyewe, Atuganile, kwa maji ya mgao, kikombe kimoja. Sikuwa nimelia. Hapa siku zile ulikuwa huna pa kulilia, watu tunalala kumi kwenye chumba. Nikafika kwenye hicho kisanduku, wenzangu wote kimya, nikaona hapa pana nafasi. Nikalia humo. Kwa sauti ya kuimba, ili mtu asijue."

"Na Mjazo ukasikia."

"Wiki iliyofuata tukakuta noti zimeandikwa kwenye visomeo vyote. Watu wakashangilia, eti mashine imepata noti za Ambilikile. Mimi nikaona aibu, nikanyamaza. Nilisema nitawaambia siku nyingine." Akafuta kisu kwenye kanga. "Halafu tukaimba siku ya mtoto wa kwanza. Lutengano alikuwa mdogo, akaja mbele akamvuta kiongozi shati, akamuuliza, pale ni nani? Yule mzee akamwambia, hapo ni baba yako. Ungemwona mtoto uso wake! Ningesema nini, Tupo? Nimnyang'anye?"

Nilimwokotea chipukizi lililoanguka miguuni pake.

"Usimwambie," akasema. "Funga faili hivi tunavyoimba. Mimi sitaki jina. Nimekula uzee wangu vizuri, na kila mtoto akitoka zahanati nasikia watu wanamlilia rafiki yangu bila kujua. Hiyo inanitosha. Mwache na baba yake."

Nilirudi dukani nikiwa nimevurugika kabisa. Ilikuwa rahisi mno. Ningefunga faili kama linavyoimbwa, Lutengano angefurahi, Bibi Ikupa angefurahi, Hazina wangepata wimbo mzuri, na wala hakuna mtu wa kuligundua. Jua nalo lilikuwa linanisukuma: baada ya siku chache Dunia ilikuwa inajificha nyuma yake, na mawasiliano yangekatika mpaka itokee upande wa pili. Nilishika kitufe cha kufunga, nikakiachia. Nikachemsha chai, nikarudi, nikakishika tena.

Kilichonikera ni hiki. Kazi yangu yote maishani ni kuwaambia watu kipi kiliandikwa na kipi kilijazwa. Lutengano alikuwa ameniuliza swali hilohilo, uso kwa uso, akaniamini. Nikimjibu kwa kumpa kinachompendeza, basi mimi na Mjazo tuna tofauti gani? Tena Mjazo una nafuu, haujui unachofanya. Lakini kila nikikata shauri kumwambia, namwona yule mtoto anamvuta mzee shati, naahirisha.

Mwishowe nikamrudia Bibi Ikupa. "Nitamwambia," nikasema. "Faili likishafungwa hata mimi siwezi kulifungua. Siwezi kumfungia mtu baba asiyekuwa wake bila yeye kujua."

Alinikasirikia sana. Aliniita kichwa kigumu, akasema nimerithi kwa mama yangu. Kisha akavaa viatu.

"Basi utamwambia mbele yangu," akasema. "Asije akalia mbele ya fundi peke yake, mtoto wa watu."

*

Tulimkuta kwenye ukumbi wa mazoezi, ule ulio nyuma ya tangi la maji, anapanga viti. Nilimwambia wima wima, maana sijui kuzungusha maneno. Nikamwonyesha ukurasa wenye fonti ya baba yake, nikamwonyesha pale.

Alifungua ukurasa uliofuata, akarudi kwenye uleule.

"Kwa hiyo miaka yote hii nimekuwa nazungumza na Mjazo," akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini sana.

"Siyo Mjazo," Bibi Ikupa akasema. "Ni mimi, mwanangu."

Akamweleza yote, maji ya kikombe kimoja, chumba cha watu kumi, kile kisanduku. Lutengano alimsikiliza akiwa amesimama na kiti mkononi. Alipomaliza, Lutengano alikiweka kiti chini.

"Ulikuwa unanipikia uji asubuhi," akasema, "na jioni unaniona nalia pale, unanyamaza."

"Nilinyamaza."

"Kwa nini, Mama Mkubwa?"

"Kwa sababu ulikuwa huna kitu kingine! Ningekupa nini badala yake? Patupu?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nilijua nimewaumiza watu wawili ninaowapenda, na kwamba ningeweza kuliepuka hilo kwa kubonyeza kitufe kimoja. Lutengano alirudi kwenye ukurasa, akaweka kidole juu ya yule mtu mnene asiye na shingo.

"Patupu ndipo aliponiachia baba," akasema. "Sauti ya kwanza, ya tatu, besi, amewaandikia wapumzike. Sauti ya pili nao amewanyamazisha. Amewachorea mtu ameinua mpira."

Bibi Ikupa alisogea. Macho yake si mazuri, ikabidi nikuze ukurasa mpaka yule mtu akajaa kioo kizima. Alimtazama, akaweka mkono mdomoni.

"Mwe!" akasema. "Huyo si mpira. Huyo ni wewe."

"Nani?"

"Wewe, ukiwa mchanga. Na anayekuinua ni mama yako. Alinihadithia ndani ya chombo, safari yote ile tulikuwa hatuna la kufanya zaidi ya kuhadithiana. Kwao mama ndiye anayemwinua mtoto mbele ya watu. Alisema, kwaya ya mume wangu ilikuwa ndogo, sauti ya pili nilikuwa mimi na benchi langu."

Lutengano alikunja uso. "Sawa, alikuwa peke yake. Lakini mtu anaweza kumwinua mtoto na kuimba. Kwa nini anyamaze?"

Hata mimi nilikuwa na swali hilohilo. Nilijiona nikiwainua wanangu, mmoja kila mkono, huku nagombana na baba yao. Bibi Ikupa alitutazama sote wawili, halafu akaanza kucheka, kicheko cha kikongwe kinachotoka na machozi.

"Nyie watoto wa Mirihi!" akasema. "Hapa Mirihi haivuti kama Dunia, mtoto ana uzito gani? Mkate! Hata mimi na uzee wangu naweza kumrusha. Kule Duniani mtoto ni mzito, jamani. Mtoto wa miezi mitatu aliyeshiba ukimwinua juu ya kichwa, mabega yanatetemeka, tumbo linakaza, pumzi yote inaishia hapo. Huwezi kuimba. Huwezi hata kusema. Mama yako alijifungua kwa shida, alikuwa bado hana nguvu. Baba yako alijua. Alijua mkewe atakuwa amekuinua wakati ule na hana pumzi, akamwandikia kimya, ili asiaibike mbele za watu."

Nimezaliwa hapa, sijawahi kubeba kitu kikanipokonya pumzi. Mji wote huu, waimbaji wote hawa, na Mjazo na akili zake zote, hakuna aliyeweza kulikisia hilo.

Lutengano alikaa kwenye kiti alichokuwa anakipanga. Alilia wazi, bila kujificha, na Bibi Ikupa akamshika kichwa kama alivyokuwa akimshika zamani. Nilifurahi na nilisikitika, vyote kwa pamoja, na nikaona aibu kusimama pale, nikaenda kupanga viti vilivyobaki.

"Kwa hiyo pale ni mama," Lutengano akasema akifuta uso. "Vyovyote vile. Kwa baba ni mama, na kwako ni mama."

"Ni mama yako," Bibi Ikupa akasema.

*

Tulibishana siku mbili kuhusu faili, na nakiri nilifurahia kila saa ya ubishi ule. Lutengano alitaka ubeti wa kwanza uwe wa baba yake, kimya, na yule mtu mnene mahali pake. Ubeti wa pili uwe wa Bibi Ikupa, noti zake zote, na jina lake liandikwe. Bibi Ikupa hakutaka jina. Alikuja dukani mara tatu kuniamuru nilifute, mara ya tatu akaja na mkungu wa ndizi kunihonga.

"Bibi," nikamwambia, "zimeiva hizi?"

"Zimeiva. Futa."

Nilipokea ndizi, jina sikulifuta. Noti zake niliziandika kwa herufi za Ambilikile, zile zenye mkono usiotulia, nikahakikisha kila umbo limo ndani ya faili. Nikafunga. Kabla jua halijatuziba, wimbo ulikuwa umeondoka.

Mtoto aliyefuata kutoka zahanati alikuwa wa Bupe, mmoja wa wasichana wa sauti ya pili. Bustani ilijaa mpaka watu wakasimama kwenye matuta na Bibi Ikupa akawafokea. Habari ilikuwa imeshaenea, kama kawaida ya mji wetu, na kila mtu alikuja na maoni yake. Besi walikuwa wakinong'ona kwamba kimya kitaharibu wimbo, watu watadhani wamesahau. Mimi niliuzima Mjazo kwenye visomeo vyote vya kwaya, kimoja kimoja, kwa mkono wangu.

Wakaanza. Bupe alisimama kati ya wenzake, mtoto kifuani, anaimba. Sauti zikapanda, zikakaribia pale. Lutengano alimtazama Bupe, akainua mkono, na kwaya yote ikanyamaza. Bupe akamwinua mtoto.

Ilikuwa rahisi kwake, uzito wa mkate, na angeweza kuimba kama angetaka. Hakuimba. Watu wote walikuwa wamekaza macho kwa yule mtoto kule juu, na nikagundua kwamba katika siku zote za kumpokea mtoto sijawahi kusikia bustani ikiwa kimya hivyo. Hata maji kwenye mifereji ya migomba yalisikika.

Mtoto alitazama taa, akatazama watu. Akapiga chafya. Kisha akatoa sauti, ndefu, ya kushangaa, akaipandisha na kuishusha, akasikia inavyorudi kutoka kwenye kuba, akaipenda, akaanza tena.

Kipimo cha kimya alichoandika Ambilikile kilikuwa kimekwisha. Besi walikuwa wamevuta pumzi tayari kuingia, macho yote kwa mwalimu wao. Lakini Lutengano alikuwa anamsikiliza mtoto, anatabasamu, mkono wake uko juu vilevile, na hakuushusha mpaka mtoto alipomaliza.